Dawa Mbili kwa Mwili Mmoja

Sogea hapa karibu nikutegee. Nina mgeni wangu. Akiitwa jikoni husema, mimi si wa huku, mimi ni wa duka la dawa. Akiitwa duka la dawa husema, mimi si wa huku, mimi ni wa jikoni. Na kote kuwili ameshakula akashiba. Ni nani huyo?

Fikiria. Usiniambie popo, popo ni wa babu zetu, kila mtoto anamjua. Umeshindwa? Basi nipe mji. Isiolo? Mji mzuri umenipa, nimeupokea. Nimekwenda Isiolo, nimefika sokoni asubuhi jua halijawa kali, na huyo mgeni nimemkuta amekaa ndani ya kikapu cha Jawahir Kahin, muuza maziwa ya ngamia. Mkebe mweupe, kifuniko cha zambarau, na ndani yake poda.

Jawahir alikuwa anangojea gari ya maziwa kutoka upande wa Garbatulla. Alikuwa ameshaosha sufuria, ameshafagia mbele ya meza yake, ameshagombana na mama wa nyanya juu ya maji machafu, na sasa alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akisugua magoti. Wanawake saba walimletea maziwa kutoka huko, na wengi wao alikuwa amewaona uso kwa uso mara mbili au tatu tu maishani. Hakuwa na daftari. Alikuwa na vitambaa. Kila mtungi wa manjano ulifungwa kitambaa kwenye mkono wake: wa kijani ni wa fulani, wa maua ya buluu ni wa fulani, na kipande cha leso nyekundu ni cha Talaso. Akifungua kifuniko na kunusa ule moshi wa mti wa kufukizia mitungi, alijua kama mwenye maziwa ameamka vizuri au ameamka na haraka.

Na chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hiyo ndiyo sheria, wala haikuandikwa na serikali. Mtungi ukija na maziwa, jioni unarudi na kitu: sukari, majani ya chai, sabuni, dawa ya macho ya mtoto. Jawahir alikuwa amefuata hiyo sheria miaka kumi na moja bila kukosa hata siku moja. Kumbuka hilo, kwa sababu wema nao una mlango wa nyuma.

Miezi saba iliyopita alikuja Kagwiria, mwanamke wa Kimeru anayekaa Chechelesi, amevaa fulana ya kampuni. Aliweka msumari wenye kutu juu ya meza ya Jawahir.

"Mama, hii ni nini?"

"Kutu."

"Sasa hii ndiyo iko ndani ya mwili wako. Hewa tunayovuta inakula mwili vile inakula chuma. Magoti ni kutu. Macho ni kutu. Presha, sukari, yote ni kutu." Akautia msumari ndani ya glasi ya maji, akaongeza vijiko viwili vya poda, akakoroga, akangoja akiongea. Alipoutoa na kuupangusa kwa kitambaa, msumari uling'aa. "Hii inaitwa antioksidanti. Imetengenezwa kwa matunda. Si kemikali. Haina madhara hata kwa mtoto."

Jawahir alikunywa mkebe mmoja, na magoti yakawa mepesi. Labda ni poda. Labda ni kwa sababu mwezi ule ulikuwa wa Ramadhani na hakubeba mitungi sana. Hakujiuliza. Kitu kizuri ukikipata unamkumbuka nani? Unamkumbuka mwenzako anayeumwa. Talaso alikuwa na ugonjwa wa sukari. Basi mtungi wa leso nyekundu uliporudi, ulirudi na mkebe. Wa kwanza ulikuwa zawadi. Iliyofuata ilikatwa kwenye maziwa, mkebe kwa lita kumi, kwa sababu Kagwiria naye hakumpa Jawahir bure. Baadaye na wale wanawake wengine sita wakataka. Mmoja alituma salamu akicheka, ati maziwa yakikorogwa poda yanageuka rangi ya mdomo wa bibi harusi.

Saa mbili na nusu gari ilifika, pikapu kuukuu ya Kulmiye, vumbi mpaka kwenye kope zake. Siku zote Kulmiye alianza kutania kabla hajazima injini. Leo alishuka kimya.

"Abaayo, dada yangu," alisema, "leo nimekuletea mwenye kitambaa."

Jawahir hakuelewa. Akazunguka nyuma ya gari. Katikati ya mitungi, juu ya godoro lililokunjika, alikuwa amelala Talaso, midomo imekauka kama udongo wa bwawa, na mwanawe Huqa amemshika kichwa. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kwa ile leso nyekundu. Harufu ya kidonda ilikuwa inashindana na ya maziwa.

"Nagaa?" Talaso alimsalimu, kama mtu aliyekuja kutembea tu.

"Nagaa, dada. Nagaa. Umefanya nini?"

"Mwiba," Huqa akajibu kwa ajili yake. "Mwiba mdogo tu, mama. Wiki tatu. Haukupona, ukazidi kula."

Jawahir alimwachia mama wa nyanya mitungi yote, bila kuifungua na bila kuinusa. Hilo halikuwahi kutokea. "Niangalizie!" alipiga kelele, na yule waliyegombana naye asubuhi akasema, "Nenda, nenda, mimi niko."

Hospitalini walingoja. Kwanza kulikuwa na dirisha la kuandikisha, na mwenye dirisha akasema mgonjwa hayuko kwenye kompyuta. Kitambulisho kilikuwepo, lakini namba ya simu iliyoandikishwa ilikuwa ya mume aliyekufa. "Ujumbe unaenda kwa hiyo simu," alisema. "Bila ujumbe siwezi fungua." Huqa akamuuliza kama anataka marehemu afukuliwe asome huo ujumbe. Mwenye dirisha hakucheka. Ilipofika saa nne na nusu ndipo walipopewa karatasi ya kulipa wenyewe.

Daktari wao alikuwa kijana anayeitwa Mwirigi, macho mekundu ya kukosa usingizi, lakini mpole. Alitoboa kidole cha Talaso akaweka tone kwenye mashine. Mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili.

"Imesema nini?" Jawahir akauliza.

"Imeshindwa kuhesabu. Sukari imepita pale mashine inajua." Akafungua leso polepole. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umeanza kupanda. Daktari alivuta pumzi kwa mdomo. "Akko, bibi yangu, ulikuwa unameza dawa za sukari? Zile nyeupe za kliniki?"

Talaso alifumba macho. Huqa ndiye aliyesema.

"Alikuwa. Akaacha kwanza."

"Kwanza?"

"Daktari, si wewe unajua. Dawa mbili haziingii mwili mmoja. Ngamia ukimpa ya minyoo, humchomi ya kupe mpaka ile ya kwanza iishe. Ukichanganya, zinapigana ndani na mnyama ndiye anakufa. Sasa mama alikuwa na dawa ingine. Akasema wacha hii iishe kwanza, ndio nirudie ya kliniki. Hata zile za kliniki zikija zinakuja mara moja miezi mitatu, zahanati iko na makaratasi tu kwa mlango. Akaziweka vizuri kwa paa, upande wa ndani, akiba."

"Ingine gani?"

Huqa akaingiza mkono ndani ya mfuko wa gunia akatoa mkebe mweupe wenye kifuniko cha zambarau.

"Sasa shida," Huqa akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida, "hii haikuisha. Ikikaribia kuisha inakuja ingine."

Jawahir alikitazama kile kifuniko cha zambarau. 

Daktari alizungusha mkebe, akasoma pande zote, akaupindua akasoma chini. "Mnajua," alisema, "tunda lenyewe si baya. Hizo antioksidanti ziko kwa nyanya, ziko kwa sukuma, ziko kwa chungwa la shilingi kumi. Mtu ale, zinasaidia mwili. Lakini hakuna kutu ndani ya mtu ya kukwanguliwa na kijiko. Na hii haishushi sukari. Miezi mingapi?"

"Sita na kidogo," Huqa akasema.

Daktari akauweka mkebe juu ya kitanda, karibu na mguu. "Nani alimpa?"

Huqa akatazama sakafu. Alikuwa anajua, lakini mtoto wa watu hamtaji mtu mzima mbele yake. Talaso alikuwa amegeuza uso ukutani. Nje mtu alikuwa anaita jina la mtu mwingine.

"Wacha," Jawahir akasema, na sauti yake aliisikia kama ya jirani. "Wacha nikamtafute mwenye hii." Akachukua mkebe, akatoka.

Bodaboda ilimpeleka Chechelesi. Kagwiria alikuwa mlangoni anaanika nguo, fulana ya kampuni ikiwa moja ya hizo nguo, imefifia.

"Mama Jawahir! Karibu, umeleta oda?"

"Nimeleta mguu." Akamweleza. Alimweleza yote akiwa amesimama, hakutaka kiti.

Kagwiria aliendelea kushikilia kibanio cha nguo. "Woi, pole. Pole sana. Lakini mimi nilikuambia aache dawa za hospitali?"

"Hukuniambia aache. Hukuniambia aendelee."

"Nani aliniuliza? Na kule, nani alipeleka? Mimi Garbatulla siijui hata kwa picha. Ulisaini hapa kwa nyumba yangu, kwa hii meza. Kwa hiyo fomu wewe ni msambazaji huru. Huru, mama. Maana yake ni wewe mwenyewe."

"Sijui kusoma kizungu, Kagwiria. Uliniambia ni ya kupata bei ya chini."

"Na bei ya chini si ulipata?"

Jawahir alimtazama mpaka Kagwiria akaondoa macho. "Aliye juu yako ni nani? Nipigie simu."

"Aliye juu yangu yuko Meru, ameacha kushika simu tangu mwezi wa pili. Aliye juu yake yuko Nairobi."

"Na juu ya huyo?"

"Juu ya huyo ni picha tu. Mtu na gari." Halafu, kama kwamba kitu kimekatika ndani yake, Kagwiria akavuta pazia la chumba. Maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka darini, kitanda kimebaki upande mmoja kama kitu kilichosahaulika. "Unafikiri mimi nimekula? Nilichukua mkopo wa chama. Mama yangu anakunywa hii kila asubuhi, ana presha. Sasa unaniambia hivi, nitamwambia nini? Ehe? Nitamwambia nini?"

"Mwambie ameze dawa zake," Jawahir akasema. "Mwambie leo." Akaondoka bila kuaga, na kuaga ni kitu ambacho hakuwahi kumnyima mtu.

Afisi ya serikali aliyoelekezwa, ya wakaguzi wa dawa na vyakula, ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Kwenye meza ya kwanza alikuwa Kaburu, mwenye tai. Kwenye meza ya pili, karibu kiasi cha kupeana chumvi, alikuwa Abdighani. Kaburu alishika mkebe, akasoma.

"Mama, hii imeandikwa chakula cha kuongezea lishe. Mimi ni wa dawa. Chakula ni kwa yule."

Akampa Abdighani. Abdighani akasoma upande mwingine. "Hapa imesema inasaidia magonjwa arobaini. Chakula gani inatibu magonjwa arobaini? Ugali ya nyumba yako inatibu, Kaburu?"

"Ya nyumba yangu inaleta."

Wakacheka. Mkebe ukarudi meza ya kwanza. Jawahir alikuwa katikati, akiufuata kwa macho, kushoto, kulia, kama mtu anayeangalia watoto wa watu wakicheza na kitu chake.

"Mama, kwanza imeharibika?" Abdighani akauliza. "Imeingia mdudu? Imeganda?"

"Iko sawa."

"Basi kosa iko wapi?"

"Kosa iko hospitali, kwa kitanda. Mguu umeoza."

Hapo waliona aibu, kwa maana walikuwa watu, si mawe. Kaburu akamsogezea kiti. "Sikia, mama yangu. Nikusaidie vile inawezekana. Daktari aandike ripoti. Kwa ripoti kuwe na jina la aliyempa mgonjwa. Hiyo ikifika hapa tunaweza enda kwa huyo mtu, tufunge biashara yake, tukusanye hizi mikebe zote amepeleka kwa watu. Bila jina, hatuna pa kuanzia."

"Na kampuni?"

"Kampuni iko na sanduku la posta. Sasa utashika sanduku la posta na pingu?"

"Kwa hivyo mnashika wa chini."

"Tunashika wa kuonekana," Kaburu akasema, na hakusema kwa ubaya.

Jua lilikuwa la kuchoma ngozi aliporudi kwa miguu kupitia mtaa wa Wabera. Watu walikuwa wanatoka swala ya adhuhuri, wakamsalimia, akaitikia. Alipita madukani akiwaza biashara ya kufungwa, meza na sufuria na ile nafasi kivulini aliyoipigania miaka minne. Aliwaza binti yake Faiza, aliyebakisha mwaka mmoja chuoni. Lakini hayo yalikuwa ya kuvumilika. Kilichomkaba ni vitambaa. Wale wanawake hawakumjua kwa sura, walimjua kwa kile kinachorudi ndani ya mtungi. Wakisikia kwamba kilichorudi kilikuwa hiki, nani atakayefunga tena kitambaa chake akautuma mtungi Isiolo kwa Jawahir? Na wasiposikia, wataendelea kukoroga vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, wakingoja mkebe uishe.

Wodini alimkuta Huqa mlangoni anaongea na simu, anauza mbuzi wawili ambao bado wako malishoni. Insulini ilikuwa imekwisha kwenye famasi ya hospitali, alikuwa ameinunua nje. Glavu pia alinunua nje. Pamba pia.

"Wamesema watakata," alimwambia Jawahir baada ya kukata simu. "Chini ya goti. Kesho, kama damu itapatikana. Mtu wa kuchunga ngamia, mama. Mguu mmoja." Hakulia. Alikuwa anatazama glavu zilizo mkononi mwake, jozi tano, kama anayetafuta makosa ndani yake.

Talaso alikuwa na mpira wa maji mkononi, na macho yalikuwa yamerudi kidogo. Jawahir akakaa pembeni ya kitanda. Akachota maji kwa kifuniko cha chupa, akamlowesha midomo.

"Maziwa ya leo," Talaso akasema polepole, "hukunusa."

"Sikunusa."

"Nimefukiza vizuri. Huqa alinishika nikafukiza nimekaa."

Jawahir akachota kifuniko kingine cha maji.

Daktari Mwirigi akaja na ubao wenye karatasi. Alikuwa anaharakisha, wodi ilikuwa imejaa na muuguzi mmoja. "Mama, ulimpata?"

"Nilimpata mmoja. Juu yake kuna mwingine, na mwingine, halafu picha."

"Hii fomu haina nafasi ya hao wote." Alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Iko na mstari mmoja. Jina la aliyempa mgonjwa. Na niseme ukweli, nikiandika jina hapa, ni huyo tu watafuata. Hawatapanda huko juu. Nikiandika hajulikani, itaenda kwa faili, na faili itakaa." Akapangusa uso kwa mkono. "Mimi nimeandika hajulikani mara tatu mwaka huu. Mara tatu. Sasa niandike nini? Nani alimpa?"

Talaso alinyoosha mkono wenye mpira, akashika mkono wa Jawahir. Vidole vilikuwa vya moto na vyepesi kama njiti.

"Andika hajulikani," Talaso akamwambia daktari. Kisha kwa Jawahir, taratibu, kwa Kiborana ambacho wote wawili walikielewa, akasema maziwa yataendelea kuja, Huqa atakamua, kitambaa ni kile kile. Akasema usiogope.

Huqa alikuwa ameingia, amesimama nyuma ya daktari na glavu zake. Safari hii hakutazama sakafu. Alimtazama Jawahir.

Kalamu ilikuwa juu ya ule mstari, haijagusa.

Jawahir hakuutoa mkono wake kwenye mkono wa Talaso.

"Mimi," alisema. "Jawahir Kahin, muuza maziwa. Ni mimi nilimpa. Na wako wengine sita niliowapa, andika na hao."